Mzee aliyesema ganzi haijaisha: kisa cha uti wa mgongo baada ya upasuaji wa aota

Mzee ninayemsimulia hapa ni wa kufundishia. Sikumtoa kwenye faili la mtu yeyote. Nimemuunda kama tunavyoundiana visa kwenye vikao vya asubuhi vya idara, ili jambo moja lionekane wazi. Lakini yaliyompata huwapata wagonjwa wa kweli, na namba zake daktari yeyote wa usingizi aliyewahi kukaa kichwani mwa mgonjwa wa aota atazitambua.

Tumpe miaka 61. Kaendesha malori miaka 30, Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingi kuvuka mpaka hadi Lubumbashi. Presha aligunduliwa nayo akiwa na miaka 40 na kidogo. Dawa alimeza alipozikumbuka, na alizikumbuka zaidi kichwa kilipouma. Miaka mitatu kabla ya kisa hiki alishikwa ghafla na maumivu makali katikati ya mabega, kama kitu kinachochanika kwa ndani. Na kweli kilikuwa kinachanika: ukuta wa aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo na kuishusha hadi kiunoni, ulikuwa umepasuka tabaka la ndani kuanzia chini kidogo ya ateri ya mkono wa kushoto. Alilazwa, presha ikashushwa kwa dawa, maumivu yakatulia, akarudi nyumbani. Mpasuko wa sehemu hiyo, kama haujanyima viungo damu, mara nyingi hutibiwa hivyo.

Shida huja baadaye. Ukuta uliogawanyika tabaka hubaki dhaifu, na mwaka hadi mwaka huvimba. Mzee alianza kukwaruza sauti. Watu wa nyumbani walidhani mafua. Daktari aliyemsikiliza alikumbuka kwamba neva ya sauti ya upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, ikapita chini ya upinde wa aota, ndipo ikapanda tena kooni. Aota ikivimba, neva hiyo huvutwa. Kipimo cha CT kilionyesha aota yenye upana wa sentimita 6.8, mahali ambapo kwa kawaida ungekuta kama 2.5. Uvimbe ulianza chini ya ateri ya mkono wa kushoto ukashuka hadi kupita figo. Familia ilichanga, na mzee akasafiri na mwanawe hadi hospitali moja kubwa kusini mwa India, safari ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wameifanya.

Aota ni ya kifuani, miguu inaingiaje?

Ndilo swali la kwanza la kila familia, nami nalipenda kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa kisa kizima.

Kwa lugha ya kawaida tunasema uti wa mgongo tukimaanisha mifupa na kilichomo ndani yake pamoja. Hapa nazungumzia kilichomo ndani: ule mkia wa ubongo unaoshuka katikati ya pingili na kupeleka amri miguuni. Upande wake wa mbele hulishwa na ateri moja tu, nyembamba, inayoteremka kutoka shingoni hadi kiunoni. Ateri hiyo moja hubeba theluthi mbili za uti, na theluthi hizo ndizo zenye seli zinazosukuma misuli. Nyuma kuna ateri mbili ndogo zinazolisha theluthi iliyobaki, ile inayobeba hisia ya mguso na hisia ya kujua mguu uko wapi hata ukifumba macho. Naomba msomaji asiisahau tofauti hiyo ya mbele na nyuma. Tutaihitaji saa kumi alfajiri.

Ateri ya mbele haijitoshelezi. Huongezewa damu njiani na matawi yanayotoka kwenye aota kwa jozi, yakipita kati ya mbavu. Mtafiti Albert Adamkiewicz alilieleza tawi kubwa kuliko yote mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kwa watu wengi huingia upande wa kushoto, kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua. Kwa miongo mingi wapasuaji waliamini kwamba ukilipata tawi hilo na kulirudisha mahali pake, umeokoa miguu. Baadaye wapasuaji Randall Griepp na Christian Etz walionyesha kwamba uti hulishwa na mtandao mpana: mishipa midogo ndani ya misuli ya mgongo, matawi kutoka mabegani, na mengine kutoka nyonga. Barabara kuu ikifungwa, damu hutafuta vichochoro.

Vichochoro vinapitisha damu, ila vinahitaji presha. Aliyewahi kuishi nyumba ya mwisho wa bomba anaelewa. Presha ya maji ikipungua kidogo, wenzako wa mwanzo wa mtaa wanaendelea kuoga na hawajui kuna tatizo, huku kwako bomba limeshakauka. Uti wa kifuani na kiunoni ni nyumba ya mwisho wa bomba. Ubongo unaweza kuwa salama, figo zinatoa mkojo, moyo unadunda vizuri, na miguu ikawa inakufa.

Kuna jambo jingine. Uti umezungukwa na maji yake, ndani ya mfuko usiotanuka sana. Maji hayo yana presha yake, nayo huikandamiza mishipa midogo kutoka nje. Kwa hiyo presha inayoufikia uti ni presha ya wastani ya damu ukitoa presha ya maji ya uti wa mgongo. Ukiwa na 90 huku na 10 kule, umebakiwa na 80. Ukiwa na 60 huku na 16 kule, umebakiwa na 44. Hesabu ya darasa la tatu, lakini ndiyo tunayoihangaikia kuanzia mgonjwa anapoingia thieta hadi siku kadhaa baada ya kutoka.

Uvimbe wa mzee wetu, kuanzia juu kifuani hadi chini ya figo, ndio aina ya pili katika mgawanyo wa E. Stanley Crawford, mpasuaji wa Houston, Marekani, na ndio unaotisha kuliko zote kwa sababu unapoondolewa, karibu matawi yote ya mbavu huondolewa pamoja nao. Takwimu za kundi la Crawford mwenyewe, zilizochapishwa mwaka 1993, zilihusu wagonjwa 1,509 waliopasuliwa kati ya 1960 na 1991. Asilimia 16 miguu yao ilidhoofika au ilipooza kabisa, na kwa aina ya pili ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Mwaka 2016 Joseph Coselli na wenzake, wa Houston hiyohiyo, walitoa hesabu ya upasuaji 3,309: waliopooza moja kwa moja walikuwa asilimia 2.9, na waliobaki na udhaifu wa miguu asilimia 2.4. Hakuna dawa moja iliyoleta mabadiliko hayo. Ni vitu vingi vidogo vilivyopangwa kwa pamoja, na kila kimoja kina mtu wa kukisimamia.

Siku ya upasuaji

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya chochote, mzee aliketishwa akainamishwa, akachomwa ganzi ya ngozi kiunoni, na mrija mwembamba ukapitishwa kati ya pingili hadi kwenye maji ya uti, ili yatolewe kidogo kidogo presha yake ikipanda. Mkalimani wa hospitali hakuwa na Kiswahili, hivyo mwanawe ndiye aliyemweleza kwa simu: "Baba, wanakuchoma ganzi mgongoni, tulia." Sentensi hiyo ilikuwa sahihi kabisa, na itarudi.

Mrija huo una ushahidi mzuri. Mwaka 2002 kundi la Coselli lilichapisha jaribio la wagonjwa 145 wenye uvimbe wa aina ya kwanza na ya pili, waliogawanywa kwa kura. Kati ya waliotolewa maji, asilimia 2.6 walipata udhaifu au kupooza miguu. Kati ya wasiotolewa, asilimia 13. Hata hivyo mrija si kitu cha kuchezea. Maji yakitoka mengi kwa haraka, ubongo hushuka na vimishipa vilivyouning'iniza huchanika, damu ikavuja ndani ya fuvu. Ndiyo maana huwekewa kikomo, kwa kawaida kisichozidi mililita 10 hadi 15 kwa saa, na presha ya maji hulengwa kuwa kama 10. Sindano ikitoa damu wakati wa kuingiza, wengi huahirisha upasuaji, kwa sababu mgonjwa atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Usingizi wenyewe ulichaguliwa kwa ajili ya miguu. Timu ilitaka kutuma umeme mdogo kwenye ubongo kupitia ngozi ya kichwa na kuupokea kwenye misuli ya mashavu ya miguu, ili ijue kila dakika kama amri zinafika. Gesi za usingizi huufifisha umeme huo, na dawa za kulegeza misuli huuzima, kwa hiyo mzee alilazwa kwa propofoli na dawa kali ya maumivu ya mshipani, bila kulegezwa misuli baada ya mrija wa kupumulia kuingia. Kuna kipimo kingine kinachotuma umeme kutoka mguuni kwenda ubongoni. Ni kizuri, lakini husafiri kwenye theluthi ya nyuma ya uti. Theluthi ya mbele inaweza kuwa imekosa damu na kipimo hicho kikasoma vizuri tu.

Kifua kilifunguliwa upande wa kushoto hadi tumboni. Pampu ilichukua damu yenye oksijeni kutoka kwenye vena ya pafu la kushoto na kuirudisha kwenye ateri ya paja, ili aota ikibanwa juu, sehemu za chini zisikose. Mwili uliachwa upoe hadi nyuzi 33. Kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza njaa ya tishu kwa takriban asilimia 6 au 7, na uti ulioachwa bila damu kwenye joto la kawaida hauvumilii zaidi ya nusu saa hivi.

Kibano kilisogezwa hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, si chote kwa mara moja. Aota ilipofunguliwa, midomo ya matawi ya mbavu ilionekana ukutani, na baadhi ilitema damu. Macho ya mgeni huona hiyo ni dalili njema: damu ipo! Ukweli ni kinyume. Hiyo ni damu iliyokuwa inazunguka kwenye mtandao wa uti, nayo sasa inamwagika nje kwa sababu nje hakuna presha. Matawi yanayotema damu yazibwe upesi, au yashonwe upesi.

Dakika ya 22, umeme wa mguu wa kushoto ulipotea kwenye skrini. Hakuna aliyepaza sauti. Daktari wa usingizi alipandisha presha ya wastani kutoka 80 hadi 95, mtu wa pampu akaongeza mtiririko, mililita 8 za maji zikatolewa, na mpasuaji akashona jozi mbili za matawi, za pingili ya 9 na ya 10, kwenye tundu alilolikata ubavuni mwa bomba la Dacron, yaani bomba la kitambaa maalumu linalochukua nafasi ya aota iliyovimba. Dakika 11 baadaye umeme ulirudi, dhaifu kwanza, kisha wa kawaida. Kisha zikashonwa ateri za matumbo, kisha za figo zilizokuwa zinapozwa kwa maji ya nyuzi 4, kisha mwisho wa bomba. Saa kumi jioni kifua kilifungwa.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri mzee aliamshwa kidogo. Mwanawe alikuwa amewaandikia wauguzi kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa kichwani mwa kitanda: INUA MGUU. KANYAGA MKONO WANGU. Muuguzi akasoma, kwa lafudhi yake, na mzee akainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Waliokuwepo walipumua.

Usiku wa Alhamisi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu masimulizi mengi ya upasuaji huu huishia kwenye mguu ulioinuka.

Kupooza kwa kuchelewa kupo. Mgonjwa huamka na miguu yake mizima, kisha baada ya saa kadhaa au siku kadhaa ikaondoka. Uti wake umetoka thieta ukiwa umevimba kidogo na unaishi kwa vichochoro ambavyo bado havijapanuka. Unatosheka, lakini hauna akiba. Kitu chochote kinachoshusha presha, kinachopunguza damu au kinachopandisha presha ya maji kinaweza kuusukuma upande wa pili.

Alhamisi jioni, saa 49 baada ya upasuaji, mrija wa maji ulifungwa kama utaratibu wa wodi ulivyosema, ukaachwa mahali pake kwa siku moja ya uangalizi. Ukaguzi wa miguu ukatoka kila saa ukawa kila saa nne. Presha ilikuwa 104 kwa 58, yaani wastani wa 73, na kwenye chati iliandikwa kwa wino wa kijani: nzuri. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa 8.1. Maji ya uti yalisoma 14.

Fanya ile hesabu. Ni 59.

Saa saba usiku moyo ulianza kudunda ovyo na kwa kasi, tatizo la kawaida kabisa baada ya kifua kufunguliwa. Presha ikaanguka hadi 84 kwa 50, wastani wa 61. Alipewa amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, polepole, maji kidogo ya mshipani, na baada ya dakika 40 presha ilirudi kwenye wastani wa 70. Moyo ulitibiwa vizuri. Hakuna aliyekosea dawa. Lakini kwa dakika hizo 40 uti ulikuwa unapata kama 47, ukiwa na damu nyepesi yenye oksijeni kidogo.

Saa tisa usiku mzee aliona miguu mizito. Hakubonyeza kengele. Aliwaona wauguzi wamehangaika na moyo wake muda si mrefu, akaona si vizuri kuwasumbua tena.

Saa kumi alfajiri muuguzi alipita kwa ule ukaguzi wa kila saa nne. Mzee alikuwa anasinzia. Muuguzi hakutaka kumwamsha kabisa. Alimgusa unyayo wa kulia, kisha wa kushoto, akauliza kwa ishara kama anahisi. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alisema kweli! Theluthi ya nyuma ya uti ilikuwa hai, na mguso unapita huko. Iliyokuwa inakufa ni ya mbele. Chati ikaandikwa: miguu sawa.

Saa kumi na mbili mwanawe aliruhusiwa kuingia dakika tano.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nashukuru Mungu. Ila hii ganzi haijaisha, miguu mizito."

"Itaisha tu, baba. Wamesema dawa zinatoka polepole."

Nimeyarudia mazungumzo haya mara nyingi mbele ya wanafunzi, na kila mara naona nyuso zinabadilika katika sentensi ya pili. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Ganzi ni ile hali ya kiungo kufa, kama mguu ulioukalia vibaya, na ganzi ni ile dawa ya daktari. Mkewe mzee alijifungua mtoto wa mwisho kwa kisu, kwa ganzi ya mgongoni, na alikaa saa kadhaa bila miguu kabla ya kurudi kawaida. Yeye mwenyewe aliambiwa Jumanne, na mwanawe huyuhuyu, kwamba anachomwa ganzi mgongoni. Mrija ulikuwa bado upo palepale. Sasa miguu imekufa ganzi. Anaunganisha, anapata jibu, na jibu lina mantiki yote duniani. Kosa ni kwamba ile ganzi ilikuwa ya kuzuia uchungu wa sindano kwenye ngozi tu, na iliisha Jumanne kabla ya adhuhuri. Hakuna tone la ganzi lililoingia kwenye uti. Hilo hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kuna haja.

Saa moja asubuhi wauguzi walibadilishana zamu. Muuguzi mpya alisoma karatasi iliyo juu ya kitanda: INUA MGUU. Mzee alijaribu. Vidole vya kulia vilitikisika. Kushoto hakukuwa na kitu.

Saa inayofuata

Alichofanya muuguzi yule ndicho kinachopaswa kubandikwa ukutani. Hakuandika na kusubiri mzunguko wa madaktari. Aliita, na huku akiita alilaza kitanda kiwe sambamba. Ndani ya dakika chache mrija ulifunguliwa maji yakaanza kushuka chini ya 10, noradrenalini ikaanzishwa na presha ikapanda hadi 145 kwa 70, wastani wa 95. Oksijeni ikaongezwa, chupa mbili za damu zikaagizwa ili hemoglobini ivuke 10, na dawa zote za kushusha presha zikafutwa kwenye karatasi. Maji yalisoma 8. Uti sasa ulikuwa unapata 87, karibu mara mbili ya usiku.

Mpasuaji alitaka picha, na alikuwa sahihi: damu iliyovujia kwenye mfereji wa uti kutokana na ule mrija inaweza kupooza miguu vilevile, na hiyo tiba yake ni kufunguliwa mgongo haraka. Picha haikuonyesha damu. Lakini presha ilipandishwa kabla ya picha, si baada yake, na hapo ndipo wodi nyingi hupoteza muda.

Kama mrija ungekuwa umeshang'olewa, saa hiyo ingeanza kwa kutafuta mtu wa kuuingiza upya kwa mgonjwa asiyeweza kujikunja. Ile siku moja ya kuuacha ukiwa umefungwa huonekana usumbufu. Ndiyo iliyompa mzee nafasi.

Saa mbili na robo vidole vya kushoto vilitikisika. Adhuhuri mguu wa kulia uliinuka kutoka kitandani. Wa kushoto ulijikunja gotini siku ya pili yake.

Ningefanya nini tofauti

Sitafuti wa kulaumiwa. Kila mtu katika kisa hiki alifanya kazi ambayo kwa mgonjwa mwingine ingekuwa nzuri. Nina mambo matatu tu, na la kwanza ni ile wino ya kijani.

Presha ya 104 kwa 58 ni nzuri kwa nani? Huyu ni mtu ambaye kwa miaka 20 mishipa yake imezoea 170 kwa 100. Sisi wenyewe tumefundishwa, na kwa haki, kumwogopa mgonjwa wa aota mwenye presha ya juu. Mshono unaweza kuvuja. Kwa hiyo mikono yetu huenda kushusha. Katika siku za mwanzo baada ya upasuaji huu, mshono ukiwa mkavu, hofu inapaswa kugeuka. Chati ya mzee ilihitaji mstari mmoja wa chini, labda wastani wa 85, wenye amri kwamba presha ikishuka hapo daktari aitwe, hata kama mgonjwa anacheka. Na ilihitaji safu ya tatu: presha ya damu, presha ya maji, na kilichobaki baada ya kutoa. Namba 59 ilikuwepo kitandani jioni nzima. Hakuna aliyeiona kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuiandika.

La pili ni hemoglobini ya 8.1. Kwa wagonjwa wengi wa chumba cha mahututi (ICU) kiwango hicho huvumiliwa, na wanaotunza damu ya benki wana sababu zao. Kwa uti unaoishi kwa vichochoro mimi nisingekivumilia.

La tatu ni ukaguzi wenyewe. Kumgusa mgonjwa unyayo hakupimi kile tunachokiogopa. Anayelala aamshwe, ainue mguu, akandamize kiganja chako kwa unyayo, basi. Dakika moja. Na kwa mgonjwa wetu, anayezungumza Kiswahili, popote alipo, neno ganzi lifafanuliwe kabla ya upasuaji, yeye na ndugu aliyemsindikiza wakisikia pamoja. Mimi husema hivi: "Mzee, ukiamka na miguu ikafanya kazi, halafu baadaye ukaona mizito au imekufa ganzi, hiyo si dawa yetu. Dawa yetu imeshaisha. Hiyo ni hatari, tuite hata kama ni saa nane usiku, hata kama tumetoka kwako sasa hivi." Sehemu ya mwisho nairudia mara mbili, kwa sababu wazee wetu wamelelewa kutosumbua watu.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuweka dawa ya ganzi mgongoni kwa ajili ya maumivu baada ya upasuaji wa namna hii, ingawa inatuliza vizuri kifua kilichofunguliwa. Inaweza kulegeza miguu, na hapo hata muuguzi hodari hatajua ni dawa au ni uti.

Mzee aliondoka hospitali siku ya 24 akitembea kwa kushikilia fremu ya kutembelea. Mrija wa mkojo ulichukua wiki mbili zaidi kutoka, maana kibofu nacho huamrishwa na uti. Miezi mitatu baadaye, Dar es Salaam, alikuwa anatembea kwa fimbo, na vidole vya mguu wa kushoto bado vinakwaruza mkeka asipoangalia.

Barua aliyobeba kwa daktari wake wa nyumbani ilikuwa na ukurasa mmoja. Iliomba dawa za presha zirudishwe moja moja, kwa wiki kadhaa na si zote siku ya kwanza, kwa kuwa kupooza kwa kuchelewa kumewahi kutokea hata baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Ilitaja jozi mbili za matawi zilizoshonwa na zile zilizofungwa. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mwanawe, kulikuwa na mstari wa Kiswahili ambao mpasuaji alikubali ubaki: "Baba akisema miguu imeingia ganzi, msimwambie itaisha. Mpimeni presha, mlazeni, mtupigie."